Pumzi za Mwanamke Mwingine

Kuna watu hufumania kwa macho. Fundi alifumania kwa masikio, tena akiwa kazini, amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, hedifoni kichwani na chai ikimpoa mkononi.

Chumba chake cha sauti kilikuwa juu kabisa, nyuma ya ukumbi, na dirisha la kioo lililotazama jukwaa. Kutoka pale waigizaji walionekana wadogo kama vidole, lakini sauti zao zote zilipita mikononi mwake kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Kila mmoja alimfichia maiki ndogo kwenye nywele, juu ya paji la uso, kwa hiyo alijua nani ana mafua na nani anatafuna pipi akidhani hasikiki. Kwa wengine alisikia maneno. Kwa Malkia, wiki ile, alianza kusikia pumzi.

Malkia hakuwa malkia wa mtu. Zamani aliwahi kucheza nafasi ya malkia, taji likavuliwa, jina likabaki. Safari hii alicheza mjane ambaye kila jioni huzungumza na marehemu mumewe, na mumewe humjibu kwa filimbi. Mwanamke anauliza, filimbi inajibu. Mpiga filimbi alisimama palepale jukwaani, kando ya dirisha la mbao, amevaa shati jeupe. Wenzake walimwita Mrefu, na ukimwona hutauliza kwa nini. Na Jumapili iliyokuwa inakuja, mama yake Mrefu alitarajiwa nyumbani kwa shangazi yake Fundi, kuja kumposea mwanawe. Anayeposwa ni Fundi.

Sasa hebu fikiria mwenyewe. Kila walipofika kwenye mazungumzo yale, Malkia alimgeukia Mrefu, akamtazama, akanyamaza. Naye Mrefu alimtazama vilevile, akaanza kupuliza polepole, macho hayabanduki kwake. Na humo ndani ya hedifoni, chini ya ule muziki mtamu, Fundi alimsikia mwanamke anahema. Kuhema kwa kuigiza alikujua, alikuwa amekusikia miaka. Huku kulikuwa kwa juujuu, kwa haraka, kifua kinapanda tena kabla hakijashuka, kama mtu aliyeguswa mahali. Ukumbi mzima haukusikia. Alisikia yeye peke yake, na maiki yenyewe aliifunga kwa mikono yake.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Muziki wa igizo hili ulikuwa wa kurekodi, na Mrefu aliurekodi mlemle chumbani kwa Fundi, wametundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, Fundi amekaa sakafuni mbele yake, amezuia pumzi asije akaharibu. Alipomaliza, Mrefu alishusha filimbi akasema, "Yote hiyo nimekupigia wewe. Wengine watasikia makombo." Fundi aliihifadhi rekodi ile kama wenzake wanavyohifadhi pete.

Kisha mwongozaji akaisikiliza mara moja, akaikataa. Huyu alikuwa bwana mnene waliyemwita Kocha, kwa jinsi alivyozoea kupiga kelele kandokando ya jukwaa.

"Huu ni muziki wa mkebe!" alifoka. "Ukishafunguliwa umefunguliwa. Haujui kama mtu amekwama, haujui kama analia. Mimi nataka filimbi imsubiri mwanamke, siyo mwanamke aikimbize filimbi! Mrefu, panda jukwaani!"

Mrefu akapanda. Kocha akawapa na zoezi: yeye na Malkia wakae chini mgongo kwa mgongo, wafumbe macho, wapumue mpaka kila mmoja ajue mwenzake anavuta lini na anatoa lini. Siku Fundi alipofungua mlango wa chumba cha mazoezi, nyaya begani, aliwakuta hivyo. Wawili tu, Kocha ameenda kununua soda. Kichwa cha Malkia kilikuwa kimeegemea nyuma, kimelala kwenye bega la Mrefu.

"Samahani," alisema Fundi. "Nilidhani hapa watu wanafanya kazi."

"Ndiyo kazi yenyewe," alijibu Malkia bila kufumbua macho, sauti imemkauka. "Ingia tu, mdogo wangu."

Mdogo wangu! Fundi alitamani amfunge na zile nyaya.

Alimvizia Mrefu kwenye korido, penye makopo ya rangi na viti vibovu.

"Mnafanya nini na yule mwanamke?"

"Tunapumua," alisema Mrefu.

"Usinitanie."

"Sikutanii. Kocha ndiye aliyesema—"

"Kocha hakumwambia akulalie begani. Na mbona akikutazama pale jukwaani unarefusha? Kwenye rekodi kile kipande ni kifupi, kinapita. Siku hizi kinavutwa kama mpira! Jana umekizungusha, leo umekizungusha tena, mpaka bibi mkubwa atosheke. Mimi ndiye ninayesikia, Mrefu. Usinifanye mtoto."

Mrefu aliutazama mlango wa chumba cha kubadilishia nguo kama mtu anayeomba ruhusa kwa aliyeko ndani. Na hilo ndilo lililomuua Fundi.

"Kuna mambo si yangu kuyasema," alisema Mrefu.

"Ni ya nani basi?"

"Niamini tu mpaka igizo lipite."

"Hata mwizi husema aaminiwe, kuku akiwa kwapani."

"Mpenzi wangu—"

"Mpenzi wako yuko ndani anabadilisha nguo," alisema Fundi, akamwacha amesimama katikati ya makopo.

Nyumbani nako hakukuwa na faraja. Shangazi ndiye aliyemlea tangu utotoni, na tangu siku ya kwanza hakumpenda Mrefu.

"Nilikuambia," alisema akipiga pasi, bila hata kuambiwa kuna nini. "Mwanamume anayeishi kwa kupuliza, siku moja atapeperuka."

"Shangazi, sasa si wakati wake."

"Wakati wake ni upi? Jumapili, wageni wakiwa wameketi? Mimi nikishasema ndiyo mbele ya watu, mwanangu, siirudishi mdomoni. Kama una shaka, sema leo."

"Sina shaka."

"Basi ivue hiyo blauzi uivae upya. Umeigeuza."

Ijumaa alasiri igizo likaonyeshwa kwa wageni waalikwa, kabla ya kufunguliwa kwa umma. Kutoka kwenye dirisha lake Fundi aliona Shangazi akiingia, kisha mama yake Mrefu, wakasalimiana, wakakaa pamoja safu ya tatu, mikoba magotini, wakipimana kwa pembe za macho. Mama yake Mrefu alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mkavu, asiyecheka ovyo. Miaka yote alikuwa akiuliza mwanawe atapata kazi lini. Hakuwahi kumwona akipiga filimbi mbele ya watu mpaka siku hiyo, na alikuja kwa sababu Mrefu alimbembeleza.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha taa zikapungua, mjane akabaki peke yake na kiti kitupu, akaanza kuzungumza na marehemu.

"Uliponiacha," alisema, "uliniachia mlango wazi. Nani atakuja kuufunga?"

Akamgeukia Mrefu. Akanyamaza. Ndani ya hedifoni ikaanza ile pumzi, ya karibu, ya haraka, siku hiyo kuliko siku zote. Mrefu akainua filimbi. Alikuwa akimtazama kwa huruma iliyojaa uso mzima, na Fundi hakukumbuka ni lini yeye aliwahi kutazamwa hivyo.

Kusema alipanga itakuwa kumsingizia. Mkono wa kushoto ulishusha maiki ya Mrefu mpaka chini kabisa. Wa kulia ukabonyeza rekodi. Kama anataka kujibiwa na filimbi, alisema moyoni, basi ajibiwe na ile niliyopigiwa mimi.

Ikatoka kwenye spika zote, nene na tamu, ileile ya siku ya mablanketi.

Mrefu alishtuka. Alijaribu kupuliza juu yake, lakini filimbi moja haishindani na spika za ukumbi mzima. Sauti mbili zikagongana vibaya, ikabidi ashushe mkono. Basi ikawa hivi: mpiga filimbi amesimama mbele ya watu, filimbi iko kwenye paja, na filimbi inaendelea kulia.

Mtu mmoja wa mbele akacheka. Kicheko kikarukia wa pili, kikasambaa.

"Kumbe ni kanda!" alisema mwingine kwa sauti. "Kumbe jamaa anatikisa vidole tu!"

Safu ya tatu, mama yake Mrefu aliinamisha uso. Alifungua mkoba wake, akaangalia ndani pasipo na kitu anachokitafuta, akaufunga. Fundi alimwona. Utamu wote wa kulipiza kisasi, kama ulikuwepo, ukamwishia pale pale.

Rekodi ikafika mwisho wa kipande chake, ikanyamaza palepale pa siku zote, ikimtaka mwanamke aseme. Malkia akafungua mdomo. Hakusema. Alimtazama Mrefu tena, na safari hii hapakuwa na muziki wa kuifunika ile pumzi. Fundi akaisikia tupu. Ilikuwa na mluzi ndani yake, mwembamba, wa koo linalojifunga. Fundi, aliyeweza kutambua waya mbovu kwa kusikiliza tu, wiki nzima alikuwa amesikia ugonjwa akauita mapenzi.

Malkia akapiga magoti. Wageni wakapiga makofi, wakidhani mjane ndivyo anavyoomboleza. Mrefu alitupa filimbi, akakimbia, akatoa kichupa cha dawa ya kuvuta kwenye mfuko wa shati, akamwekea mdomoni.

"Vuta," Fundi alimsikia kwenye hedifoni. "Taratibu, dada. Vuta tena. Hatuna haraka, dada yangu. Niko hapa."

Alimwita dada kama mtu anavyomwita dada yake wa tumbo moja.

"Pazia!" ilinguruma sauti ya Kocha. "Fungeni pazia!"

Pazia likafungwa, taa za ukumbi zikawashwa, na watu wakaanza kuzungumza kama wanavyozungumza sokoni. Kanda, walisema. Utapeli, walisema. Fundi angeweza kukaa kimya. Kila mtu angeamini mitambo imeharibika, na mitambo haijitetei. Lakini alimwona mama yake Mrefu akisimama, akijaribu kupita katikati ya magoti ya watu aondoke bila kutazamwa. Akavuta maiki ya matangazo.

"Wageni wetu, naomba mnisikilize kidogo." Sauti yake mwenyewe ilimrudia kutoka kila kona, na hakuipenda. "Yule bwana anapiga filimbi kweli. Mliyoisikia ilikuwa rekodi, kwa sababu mimi, fundi sauti, nilizima maiki yake nikaifungulia rekodi kwa makusudi. Hakuna alilowadanganya. Niliyewadanganya ni mimi. Nilifanya hivyo kwa wivu."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alijifunika uso kwa kiganja. Mama yake Mrefu alisimama palepale alipofikia, akageuka, akakiangalia kile chumba cha juu kwa muda mrefu, kisha akarudi kukaa.

Nyuma ya pazia walikuwa wamemkalisha Malkia juu ya sanduku la mavazi, midomo imempauka. Kocha alimwona Fundi akija.

"Wewe tutaonana kesho," alisema. Hakupiga kelele, na hapo ndipo Fundi alipoogopa.

"Usimfukuze kwa ajili yangu," alisema Malkia, maneno yakitoka mojamoja. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nina pumu, Kocha. Imerudi, na imerudi vibaya. Nilijua ukisikia utampa mtu mwingine nafasi. Mrefu aligundua siku ile ya migongo, nikamwapisha. Nikikosa pumzi namtazama. Anazungusha muziki mpaka nipate."

Kocha alivua kofia akaivaa tena.

Mrefu alikuwa ameiokota filimbi yake. Imepasuka mdomoni. Alikuwa akiipangusa bila sababu.

"Nilikuomba uniamini mpaka igizo lipite," alisema.

"Najua."

"Huyo ni mama yangu pale nje. Maisha yangu yote hajawahi kuja. Leo kaja."

"Najua, Mrefu."

"Ungenikasirikia mimi. Ungenipiga kofi kule koridoni. Lakini kunivua nguo mbele ya mama yangu!"

Fundi alitafuta neno la kusema, likaja moja tu, tena baya. "Na Jumapili?"

"Sijui kuhusu Jumapili," alisema Mrefu. Akamwinamia Malkia. "Twende hospitali. Nitakupeleka."

Na utastaajabu moyo wa binadamu ulivyo. Ukweli wote ameshausikia, aibu yote ameshaibeba, lakini alipouona mkono wa Mrefu ukipita nyuma ya mgongo wa Malkia kumnyanyua, wivu ulimchoma Fundi upya, mahali palepale.

"Nitampeleka mimi," alisema. "Wewe nenda kakae na mama yako."

Mrefu alimtazama kama anayepima. Kisha akaachia.

Ndani ya teksi Malkia alilaza kichwa begani kwa Fundi kwa sababu hakuwa na nguvu za kukilaza kwingine, na Fundi akamwachia. Hospitali waliwekwa kwenye benchi kusubiri daktari. Dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi, na rangi ilikuwa inamrudia usoni.

"Una masikio makali," alisema Malkia.

"Ni mabovu. Yamesikia pumu yakasema mapenzi."

Malkia aliangalia vidole vyake. Bado alikuwa na vipodozi vya mjane, vimechuruzika mashavuni.

"Hayakukosea yote," alisema.

Fundi aligeuka.

"Yeye hajui kitu. Sikiliza vizuri, mdogo wangu, maana nina pumzi ya kusema mara moja tu. Hajui, na hajawahi kunipa sababu hata ndogo. Lakini mwanamume akusubiri kila siku mbele ya watu, asiseme neno, asichoke, mpaka uweze kuvuta hewa... Moyo hauna adabu. Nilianza kumtazama hata pale ambapo sikukosa pumzi."

Muuguzi alipita na kitoroli. Fundi alisubiri kipite.

"Kwa nini unaniambia?"

"Wewe umesema la kwako mbele ya ukumbi mzima. Mimi nimeona aibu kubaki na la kwangu." Akavuta pumzi, taratibu, ikapita vizuri. "Usimwambie. Igizo likiisha nitaondoka, sitamtafuta. Naomba hilo tu."

Wakamwita, akaingia. Fundi alibaki kwenye benchi na maneno yale. Alikuwa ameyatafuta wiki nzima. Aliyatafuta kwenye hedifoni, kwenye korido, kwenye macho ya watu, ili ampige nayo Mrefu usoni amwambie, unaona? Sikuwa mwendawazimu! Na sasa anayo, mazima, yametoka mdomoni mwa mwenyewe.

Simu ikalia. Alikuwa Mrefu.

"Anaendeleaje?"

"Wamemwekea dawa. Anapumua vizuri. Watamlaza mpaka kesho."

"Amesema nini?"

Fundi alitazama kwenye kioo cha mlango. Malkia alikuwa amelala chali, barakoa ya hewa usoni, amefumba macho. Neno moja tu lingetosha. Mrefu angeshangaa, angeapa, angemkana yule mwanamke mara mia kwa ajili yake, na Fundi angelala usingizi mtamu usiku ule.

"Hajasema kitu," alijibu. "Amelala."

Kwenye simu, kwa mbali, Fundi alimsikia mama yake Mrefu akiuliza jambo, na Mrefu akijibu kwa sauti ya chini.

"Mama anauliza kama Jumapili iko palepale."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi bado nina hasira na wewe, Fundi. Hasira nyingi. Sijui kama zitaisha kufikia Jumapili."

"Njoo nazo," alisema Fundi.